Maisha ya Marehemu Ambaye Hajafa

Kolwezi, Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya wangu mpendwa Marlène,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa mwanangu Shekina, ambaye anasema nikuambie kwamba meno yake mawili ya mbele yameng'oka na kwamba hakulia. Alilia, lakini mwache tu. Goti lako linaendeleaje? Mumeo Tata Stéphane bado anakukataza kwenda shambani, na wewe bado unamngoja apande baiskeli ndipo uchukue jembe? Mihogo imekaaje mwaka huu huko Kasaji? Sisi hapa tu wazima wa mwili. Vumbi lilitutesa sana mpaka mwanzo wa Oktoba, kisha mvua ikaja, nayo imekuja na mambo yake. Nitafika huko.

Barua hii nitamkabidhi mama Jeanne, yule muuza unga, anayepanda lori kesho alfajiri. Nitampa pia ile kaye nyeusi ya kuandikia, nimeifunga ndani ya kitenge. Usishangae kwamba sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, mimi ningecheka, tungeingia kwenye habari za harusi ya binamu, na neno lenyewe lingebaki kooni. Soma mpaka mwisho, Yaya, hata ukikasirika katikati.

Kaye hiyo unaikumbuka. Ulininunulia siku niliyoondoka kwetu, na kwenye ukurasa wa kwanza ukaandika kwa mwandiko wako wa mwalimu: Kaye ya Myriam Mukuna, mwandishi. Baba alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama siku hizi watu wanakula karatasi na mboga ya sombe. Mimi nikaona haya. Nilipofika Kolwezi nikakata kipande cha kalenda, nikakibandika juu ya neno lile la mwisho. Tangu hapo kila barua yako inauliza kitabu kimefika wapi, na kila barua yangu inajibu kwamba kinakwenda. Hakikuwa kinakwenda. Miaka minne, kurasa tatu, na mbili kati ya hizo ni orodha ya vitu vya sokoni.

Si kwamba sikujaribu. Niliamka mapema, nikakaa mezani na kaye mbele yangu. Kabla ya mstari wa kwanza jirani alibisha kuomba kaa la moto kwa ajili ya mbabula yake. Shekina alitaka uji. Halafu milio ilianza. Unaujua mtaa wetu: karibu kila lupango, kila ua wa nyumba, ina shimo lake chini ya turubai la bluu, na vijana wanashuka humo kwa kamba kutafuta kobalti. Wakipiga nyundo chini, kikombe kinatembea juu ya meza yangu bila mtu kukigusa. Nilikuwa nakitazama kikombe, kikombe kinanitazama, na saa ya kufungua kibanda inafika.

Na kibandani ndiko maneno yangu yalikokuwa yanaishia. Nachapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, barua za kumlalamikia mwenye nyumba. Zaidi ya yote naandika maisha ya marehemu, yale yanayosomwa kwenye kilio mbele ya sanduku la maiti. Unajua yanavyokuwa kwa kawaida: alizaliwa, akabatizwa, ameacha mjane na watoto watano, amina. Mimi nilishindwa kuyaacha hivyo. Nilikuwa nakwenda kukaa na mama wa marehemu au dada yake, namuuliza alikataa kula chakula gani, alipiga mluzi gani akirudi nyumbani. Yalipokuwa yanasomwa watu walilia vizuri, kisha wakatulia. Sifa zikaenea hadi mitaa ya mbali. Lakini sikutia jina langu chini hata mara moja, na nilifurahi kwamba hakuna aliyelitaka.

Katikati ya Septemba, mchana wa Jumanne, akaja Kisimba. Huyu ndiye mwenye shimo lililo nyuma ya nyumba yetu. Wachimbaji wanamwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, naye analipenda jina hilo. Ni mtu wa sauti ndogo, shati lake halina vumbi kamwe. Aliomba nimwandikie maisha ya marehemu. Nikachukua kalamu, nikampa pole, nikauliza jina. Akasema niache nafasi. Nikauliza umri, akasema kijana, ishirini na kitu. Nikauliza anatoka wapi, akasema vijana wanatoka kila mahali. Hapo nikaweka kalamu chini, nikamuuliza ni nani hasa aliyekufa.

«Bado, mama,» akasema. «Lakini mvua iko karibu.»

Alinieleza yote kwa utulivu, kama mtu anayeagiza mbao. Ukuta wa shimo upande wa kanisa umepasuka chini, ufa unaingiza mkono mzima. Mshipa wa madini uko upande huohuo, kwa hiyo hatasimamisha kazi wala hatawaambia vijana. Mwaka jana kwenye shimo la mwenzake alikufa mmoja, watu wakachoma matairi siku tatu. Lakini kwenye kilio nilikoandika mimi, aliona watu wanafuta macho na kurudi nyumbani bila kuuliza lolote. Alisema karatasi yangu inatuliza watu kuliko askari. Yaya, nitakuambia jambo baya: niliposikia hivyo, kabla sijaogopa, nilifurahi. Hakuna mtu aliyekuwa amesifu kazi yangu namna ile.

Ningeweza kukataa. Nilijiambia nitaandika ovyo tu, maneno ya kawaida. Alasiri ile nikakaa kibandani, nikafungua kaye, na maneno yakaja. Mimi niliyekaa miaka minne mbele ya karatasi nyeupe niliandika mpaka mkono ukashikwa ganzi, wateja wakapiga hodi nisiwasikie. Nilimpa yule kijana asiye na jina mama yake, mto wa kuoga, kicheko. Kesho yake nikasoma nikaona kicheko hakitoshi, ni cha kubuni. Basi nikaanza kwenda shimoni nikijifanya nauza ndizi, nitazame.

Hapo ndipo nilipomwona Mbayo. Ni kijana wa Kisenge, mrefu, mwenye kovu la baiskeli kwenye kidevu. Kabla ya kushuka alikuwa anavua shati, analikunja taratibu mara nne, anaweka jiwe juu yake, utafikiri anajiandaa kwa sakramenti. Wenzake walimtania, naye alijibu kwamba shati likiwa safi mtu anajua atarudi kulivaa. Nikaliandika hilo. Alikuwa anakula karanga na maganda yake mekundu. Nikaandika. Alikuja kibandani nimwandikie mama yake barua, akakaa saa nzima akinisimulia jinsi mama huyo anavyomwita kwa jina la babu yake akiwa na hasira. Barua ya mama nikaiandika nusu ukurasa. Mengine yote nikayapeleka kwa marehemu.

Kwa wiki tatu nilikuwa na furaha, Yaya. Nilisahau chumvi kwenye mboga, nilimfunga Shekina viatu kinyume, nikasema moyoni kwamba sasa ndiyo, hivi ndivyo wanavyoishi watu wanaoandika. Niliupenda ule ukurasa kuliko nilivyompenda kijana mwenyewe.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Alhamisi. Kesho yake, kwenye saa nne asubuhi, kikombe changu kilitembea mpaka ukingo wa meza, kikaanguka. Kisha milio yote ikakoma, ya shimo lile na ya mashimo jirani. Sijawahi kusikia mtaa wetu ukiwa kimya. Nilipofika, watu walikuwa wanachimbua kwa mikono na sahani. Walitolewa watatu hai. Mbayo alitolewa kesho yake. Shati lake lilikuwa bado juu, limekunjwa mara nne, limelowa.

Mama yake alifika kwa lori, na kilio kikamngoja. Kisimba alinunua sanduku zuri. Alisimama mwenyewe akasoma karatasi yangu, nafasi ya jina ikiwa imejazwa kwa kalamu ya bluu. Aliposoma habari ya shati, yule mama akainua kichwa. Hakulia kama wengine. Alingoja isomwe yote, kisha akauliza mbele ya watu: «Nani aliandika ile? Alijua mutoto wangu kupita mi. Asimame nimushukuru.» Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, wa tatu kutoka kwake, na sahani ya bukari mapajani. Nikaitazama sahani. Kisimba alinitazama mimi, akatabasamu kidogo, na watu wakarudi nyumbani. Hakuna tairi lililochomwa.

Sasa nifike kwenye neno ambalo sijamwambia hata padri. Utadhani kosa langu ni kwamba sikupata nafasi ya kumwonya. Nafasi niliipata. Jumatano ile, siku moja kabla ya mvua, Mbayo alikuja kibandani kuchukua nakala ya barua yake. Alikuwa ameona udongo unadondoka upande wa kanisa. Alijua Kisimba huwa anakuja kwangu. Akaniuliza: «Mama Myriam, PDG hakukuambia kitu juu ya lile shimo? Niambie tu, mi nitaenda Kisenge kesho, sitasema ni wewe.» Nilimjibu hapana, hakuniambia kitu. Sikuwa namwogopa Kisimba wakati ule, Yaya, usinitetee. Mbele yangu, chini ya kiwiko changu, ulikuwepo ukurasa wake, nao ulikuwa umebakiza aya moja. Nilitaka akae kidogo nione anavyoshika mlango akitoka. Aliushika kwa vidole viwili, kwa sababu mikono yake ilikuwa na matope. Hilo pia nililiandika. Lilisomwa kwenye kilio, na watu walilipenda.

Niombee, au usiniombee, utaamua mwenyewe.

Jumatano iliyopita Kisimba alirudi. Shimo limefunguliwa upya kwa chini, upande uleule. Safari hii alitaka karatasi sita, zisifanane, watu wasije wakatambua. Nikakubali kwa sauti ileile ya siku ya kwanza. Nikaandika zote sita kwa siku mbili. Lakini vijana sita wa timu ile nawafahamu, wote wamepita kibandani kwangu, kwa hiyo sikuacha nafasi. Nilijaza majina.

Jana asubuhi nikaenda shimoni kabla hawajashuka, nikasimama juu ya gunia la mchanga, nikawasomea. Wa kwanza alicheka sana kusikia maisha yake, akawaambia wenzake mama wa kibanda amelewa. Wa pili naye akacheka. Kwenye ya tatu, nilipotaja ufa na upande uliko, hakuna aliyecheka tena. Nilisoma zote, na nikasema nani aliziagiza na lini. Wanne walivaa mashati yao, wakaondoka bila kuniaga. Wawili walishuka, walisema watoto wao wanakula leo, hawali kesho. Jioni wakapanda wazima, namshukuru Mungu. Mmoja aliniomba karatasi yake akaikunja ndani ya mfuko.

Kisimba alikuwepo tangu karatasi ya nne, ameegemea pikipiki. Hakunitukana. Alinyoosha mkono, akachukua karatasi ya sita, akaisoma mpaka chini kabisa, mahali ambapo kwenye ile ya Mbayo hakuwa amekuta kitu. Safari hii alikuta: Imeandikwa na Myriam Mukuna, mwandishi. Akairudisha kwa mikono miwili, kwa heshima. Akasema: «Aa. Sasa tunajua njo nani aliandika.»

Leo baada ya misa mtu nisiyemfahamu alimpa Shekina pipi mlangoni pa kanisa, akamuuliza tunalala chumba cha mbele au cha nyuma. Shekina akamjibu, kwa sababu nimemfundisha kujibu wakubwa. Kwa hiyo zile salamu zake za mwanzo atakuletea mwenyewe. Anapanda lori na mama Jeanne. Nimemwambia anakwenda kukusaidia kupukuchua mahindi mpaka goti lipone. Anapenda kulala karibu na ukuta, na uji wake hauhitaji sukari nyingi kama anavyodai.

Utauliza kwa nini mimi sipandi lori hilohilo. Kesho Kisimba anashusha timu mpya, vijana waliofika juzi kutoka mbali. Sijui majina yao bado. Nitakwenda mapema kuwauliza.

Kaye uiweke juu, mbali na panya na mbali na Tata Stéphane anayewashia moto karatasi yoyote. Humo mna habari yote ya Mbayo, na safari hii nimeandika pia aliyoniuliza na nililomjibu. Ukipata mtu wa Kisenge, tafuta mama yake, asomewe. Kile kipande cha kalenda nimekibandua. Mwandiko wako umechubuka kidogo, lakini unasomeka.

Jambo la mwisho. Huku kuna watu wengine siku hizi wanaoandika maisha ya marehemu, wanaiga namna yangu. Mtu akikuletea karatasi nzuri inayosimulia habari zangu, jinsi nilivyopenda watu, jinsi nilivyoondoka kwa mapenzi ya Mungu, tazama chini kama pana jina la aliyeandika. Kama hakuna, usilie tu, watu wakarudi nyumbani. Simama uulize. Ya kwangu nimeiandika mwenyewe, iko ukurasa wa mwisho wa kaye, na nafasi ya tarehe nimeiacha wazi.

Msalimie Tata Stéphane, uwasalimie wanafunzi wako, na wewe upake lile goti mafuta.

Mdogo wako,
Myriam Mukuna, mwandishi