Mkono wa Kushoto wa Bwana Majani

Sundbyberg, Stokholmu
Novemba

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Shabani Mloka, Kinole, Morogoro.

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Na wewe Mwajuma, mdogo wangu, unayeisoma barua hii kwa sauti, hujambo? Soma polepole, wala usiruke mistari kama ulivyoiruka ile ya Ramadhani. Najua uliruka, maana Mama aliniuliza mambo niliyokwisha kuyaeleza ukurasa mzima.

Je, kifua cha Mama kimetulia? Mvua za vuli zimeshuka, au mnazitazama tu zikipita kwenda kwa wenzenu? Yule mbuzi mwenye baka kazaa? Mimi sijambo. Baridi imeingia, na jua la huku sasa linatua saa tisa alasiri kama lililofukuzwa. Lakini nina koti zito, nina chumba chenye joto karibu na kiwanda, na ugali ninaupata kila Jumapili kwa rafiki yangu Otieno, Mkenya anayesoma uhandisi na kukaa Fittja. Tunausonga kwa unga wa ngano wa chengachenga. Si ugali wa Mama, ila tumbo halilalamiki.

Baba, kabla Mwajuma hajaendelea nina ombi. Kama mko peke yenu ndani, ikunjeni barua kwanza, mtu atumwe kwa jirani akamwite Mzee Kondo. Akija mpeni kigoda, mpeni kahawa, kisha Mwajuma aendelee. Hapa nangoja.

Shikamoo Mzee Kondo. Tangu nina akili zangu, kila Baba akianza habari za Bwana Majani, yule Mzungu wa Norwe aliyekuja kutafuta mimea katika msitu wetu zamani za Mwingereza, wewe hukohoa. Baba husema, "Mimi nilikuwa mjuzi wa mimea." Nawe humjibu, "Ulikuwa mpagazi, Shabani. Ulibeba sanduku." Watu hucheka, na Baba hucheka nao. Lakini mimi niliyekuwa nakaa miguuni pake nilijua kuwa hakupendezwa. Basi leo kaa vizuri, Mzee wangu, kahawa isije ikakupalia.

Mnajua nilivyoletwa huku kujifunza uchapaji kwa miaka miwili, nikirudi nikachape vitabu vya shule zetu. Miezi hii kiwanda chetu kinachapa kitabu kikubwa cha picha za watu mashuhuri wa Norwe, watu wa zamani wa nchi ile. Kimeagizwa kutoka Oslo, na mhariri wake huja kwa treni kukagua kazi. Ni mama wa makamo, mrefu, hacheki ovyo. Mimi humwita Mama Ragnhild, ingawa huku watu huitana majina matupu, hata wazee. Hilo mpaka leo limenishinda.

Baba, ungezipenda picha hizo. Yumo nahodha ndevu zimeganda barafu. Yumo mama mwenye kofia pana kama ungo, kasimama juu ya meza anadai wanawake wapige kura. Yumo waziri mkubwa anakwenda ofisini kwa miguu, mkoba kaubeba mwenyewe, na wananchi hawamgeukii hata shingo. Na sikukuu yao ya taifa, si bunduki wanazopitisha barabarani, ni watoto wa shule na bendera. Mama Ragnhild aliniambia kwamba wao zamani walikuwa chini ya mfalme wa Waswidi, naye mfalme alikaa hapa hapa Stokholmu. Wakaidai nchi yao, wakaipata bila vita. Nilidhani kudai uhuru ni mambo yetu sisi tu. Tangu siku hiyo nikawa nakishughulikia kitabu chao kama cha jamaa zangu.

Kazi yangu ni kupanga filamu. Filamu zetu ni zile ambazo cheupe huonekana cheusi, na cheusi huonekana cheupe. Unazilaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, unazipanga kurasa, ndipo linatengenezwa bamba la kuchapia. Kila filamu ina upande wa mgongo na upande wa tumbo. Ukiilaza kifudifudi mahali pa chali, mtu wa kulia anahamia kushoto, na kosa huwezi kuliona mpaka liwe limekwisha kuchapwa. Shikeni hilo.

Wiki mbili zilizopita zilitoka karatasi za majaribio za ukurasa wa mia mbili na nne. Nikazichukua kuzikagua. Nikaona picha: msitu, ukungu, Mzungu kijana mwenye kaptula, na pembeni yake Mwafrika kashika kisu kwa mkono mmoja na mmea kwa mwingine. Mwafrika yule alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wa pili kauweka juu ya mwenzake. Baba, hivyo ndivyo unavyosimama ukingoja maji ya chai yachemke. Moyo ukanipasuka. Paji la uso la kwetu, mabega ya kwetu. Chini yake pameandikwa jina la Mzungu yule, profesa wa mimea, halafu: "na mpagazi asiyejulikana."

Niliisogeza karatasi chini ya taa. Kisha nikatazama tena, furaha yote ikanyauka. Kisu kilikuwa katika mkono wa kulia.

Kinole nzima inajua kuwa wewe ni mashoto. Kula unakula kwa kulia kwa sababu ya adabu, lakini jembe, panga, kisu, vyote kushoto. Si ndicho kilichokutoa chuoni? Mwalimu alikufunga mkono huo kwa kamba ili uandike kwa wa kulia, ukachapwa mpaka ukakimbilia msituni, hukurudi tena kwenye kalamu. Kwa hiyo nilisema moyoni, huyu si Baba. Ni mtu mwingine aliyefanana naye.

Jumapili nikamweleza Otieno tukila. Akacheka.

"Wacha hiyo maneno, Rajabu. Ni nyumbani unakumbuka. Hata mimi juzi niliona mamangu ndani ya basi, nikataka kumshika mkono. Kumbe ni mama Mturuki amefunga kitambaa."

"Lakini alivyosimama, Otieno!"

"Watu wangapi wanasimama hivyo? Kula, ugali inapoa."

Nikala. Ila usingizi ulikuwa wa kuokoteza.

Jumatatu nilifika kazini mapema nikaichukua lenzi. Nilitazama nguo safari hii, sura nikaziacha. Shati la mwanamume lina vifungo upande wa kulia, la mwanamke kushoto. Shati la profesa lilikuwa na vifungo kushoto. Nikamtazama katika picha yake nyingine, ile aliyopigwa akiwa mbunge: nywele kazichana kuelekea kulia. Katika msitu wetu kazichana kuelekea kushoto. Nikajua. Picha ilikuwa imegeuzwa. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto, na mtu yule alikuwa wewe.

Na aliyeigeuza, Baba, ni mimi. Daftari la kazi lina sahihi yangu. Siku ile niliishika filamu yako kwa mikono yangu hii miwili, nikailaza kifudifudi. Tena sikukutambua, kwa kuwa katika filamu wewe ndiye uliyeonekana mweupe, na Bwana Majani ndiye mweusi. Nilikupita nikidhani wewe ndiye Mzungu. Cheka, na Mama acheke. Mimi sikucheka.

Mama Ragnhild alikuwa kafika asubuhi hiyo kutia sahihi yake ya mwisho, na mtambo ulikuwa umeshapashwa moto. Kama ningenyamaza, nani angejua? Ningepata cheti changu salama, nawe ungebaki katika kitabu cha watu wale mtu wa mkono wa kulia, asiye na jina, miaka yote kitakapokaa kwenye makabati yao. Niliogopa, sikufichi. Msimamizi wetu, Bwana Lindkvist, ni mtu wa haki lakini hasira zake ziko karibu, na ndiye anayeandika ripoti inayokwenda Dar es Salaam. Nilisimama mlangoni kwake pengine dakika tano. Kisha nikabisha. Walikuwamo wote wawili, yeye na Mama Ragnhild.

"Simamisheni mtambo," nikasema. "Ukurasa wa mia mbili na nne umegeuzwa. Nimekosea mimi."

Bwana Lindkvist akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mwaka mmoja na nusu nimekufundisha upande wa filamu! Mwaka mmoja na nusu!"

Mama Ragnhild alivaa miwani, akaziweka picha mbili pamoja, akatazama nywele, akatazama vifungo. "Ni kweli," akasema. "Na mimi nimeipitisha mara mbili."

Hapo ningeondoka na aibu yangu. Lakini nilisema, "Kuna jambo jingine. Huyo anayeitwa mpagazi asiyejulikana ni baba yangu mzazi. Anaitwa Shabani Mloka."

Bwana Lindkvist akaangalia dari. Mama Ragnhild akanitazama, si kwa ubaya. Akasema, "Kijana, siwezi kuandika jina la mtu kwa sababu fundi mwanafunzi amelitaja. Nahitaji ushahidi."

"Mtu yule ni mashoto," nikamwambia. "Muulize mtu yeyote wa nyumba ya profesa. Kama msaidizi wake wa Uluguru hakuwa mashoto, basi mimi mwongo, na nirudisheni kwetu."

Ulimi haukuwa wangu tena, Baba. Nilikuwa nimeweka cheti changu chote juu ya mkono wako.

Alikwenda kwenye simu. Profesa alikwisha kufa, Mungu amrehemu, lakini binti yake yupo Oslo, na madaftari ya safari anayo. Tulingoja muda wa kuchemsha maharage. Simu ilipolia, Mama Ragnhild aliandika huku akisikiliza, halafu akatusomea. Bwana Majani wako aliandika kwamba siku moja aliteleza bondeni, na mtu wake wa mkono wa kushoto akashuka akalitoa ua walilokuwa wakilitafuta na mizizi yake yote bila kuivunja. Akaandika kwamba jioni mtu huyo humkalisha chini na kumfundisha majina ya majani, na matumizi yake, kama mwalimu na mwanafunzi. Jina lako hakuliandika. Labda alidhani hatalisahau kamwe.

Mama Ragnhild akavua miwani. "Alimfundisha majina?" akauliza, kama anajiuliza mwenyewe. "Basi huyu hakuwa mpagazi."

Umesikia, Mzee Kondo? Mwajuma, msomee tena mstari huo.

Kisha akamgeukia Bwana Lindkvist. "Bibi yangu alikuwa mtumishi hapa hapa Stokholmu," akamwambia. "Katika picha ya familia ile, farasi wana majina. Yeye kaandikwa 'msichana Mnorwe.' Jina la mzee huyu litaandikwa." Bwana Lindkvist akaitazama meza, akasema mtambo utangoja.

Na mimi nilipewa adhabu, ambayo ni haki: kuitengeneza filamu upya Jumamosi, siku ya mapumziko. Sijapata kufanya kazi kwa raha kama siku ile. Nilikulaza chali, taratibu, ukatazama juu. Katika ripoti Bwana Lindkvist ameandika kwamba nilikosa, tena ameandika kwamba niliusimamisha mtambo mwenyewe. Alinionyesha kabla ya kuituma. Cheti kipo.

Baba, na mengine ambayo hukuyajua. Rafiki yako alirudi kwao akawa profesa, kisha mbunge. Vita ilipokuja na Wajerumani wakaitwaa nchi yao, alikataa kufundisha wanayotaka wao, wakamfunga. Alitoka hai. Uliyetembea naye msituni hakuwa mtu wa ovyo, na sasa nchi yake itajua naye alitembea na nani. Mimi hapa natembea kifua mbele hata kwenye theluji, mpaka Otieno ananitania kuwa nimekuwa Mnorwe.

Sasa nifike pale nilipokuwa naelekea. Mwajuma aliniandikia kuwa darasa la kisomo cha watu wazima limeanza shuleni, Mama anakwenda, lakini wewe umekataa. Umesema mkono wako haukuumbwa kwa kalamu. Baba, sikubishii, mimi ni mtoto. Nakueleza habari ya kitabu tu. Mama Ragnhild aliniuliza baada ya jina lako aandike nini. Nilimtajia maneno yale matatu unayojiita siku zote, yanayomkohoza Mzee Kondo. Akaniambia niyaandike kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili yatachapwa, katikati ya Kinorwe chao. Kitabu kimoja ni chako, amekitoa yeye kwa heshima. Kitakuja kwa meli, kitachukua miezi mitatu au zaidi.

Namkataza Mwajuma kukusomea. Mama pia, hata kama atakuwa amekwisha kujua kusoma. Mzee Kondo ndio kabisa.

Nisalimie Bibi mzaa Mama, mwambie kofia ya sufu aliyonifumia ndiyo navaa. Nisalimie Shangazi wa Matombo na wote wa kwake. Nisalimie mwalimu wa kisomo, umwombe kwa niaba yangu asimfunge mtu mkono. Mzee Kondo, nakutania kwa kuwa nakupenda, malizia kahawa yako.

Ndani ya bahasha nimetia penseli mbili. Nimezijaribu: hazina kulia wala kushoto.

Ukurasa ni wa mia mbili na nne, Baba, chini ya picha. Nataka usome mwenyewe.

Mwanao,
Rajabu Shabani Mloka