Askari Jikoni, Hadithi Isiyo na Siasa

Dada Rehema mpenzi,

Hapa ughaibuni, Kings Heath, mvua haikatiki, lakini mimi nachemka kwa hasira. Jana maktabani, kwenye darasa letu la hadithi, tulisoma hadithi fupi ya kutoka Ayalandi: askari wanapekua nyumba, mama anaendelea kukanda unga wa mkate. Mwalimu akasema, "Haina siasa, ni mapishi tu."

Mapishi! Nikasimama nikamweleza jinsi polisi walivyovunja mlango wetu baada ya uchaguzi, na mama akasonga ugali bila kuinua macho, kaka Juma kajificha darini. Bibi mmoja wa huko Ayalandi akanishika mkono.

"Kwetu alikuwa baba, chini ya kitanda."

"Wakampata?"

"Wakampata."

Dada, nenda ukamkumbatie Juma, umbane kweli kweli.

Mdogo wako akupendaye,
Saida