Mji wa Meya Umefutwa

Chumba cha mbele,
Juu ya duka la kinyozi (yaani juu ya kichwa changu mwenyewe),
Jumapili, mvua inapungua.

Mpendwa mdogo wangu Meya,

Pokea salamu nyingi, kiasi cha kupasua bahasha. U mzima? Kifua kimepona? Huko kwenye baridi unavaa soksi, au bado unajifanya chuma? Sisi hatujambo. Mama hajambo, ila macho. Mimi ndiyo usiseme: wateja wanataka niwanyoe wafanane nami, nawaambia wembe haufanyi miujiza.

Macho ya mama ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi. Ukungu umezidi. Ukipiga simu ya kuonana, anaishika karibu na pua na kusema, "Naona shati, mwenyewe yuko wapi?" Anacheka, halafu anaisahau chai mpaka inapoa.

Basi kaka yako nikapata wazo. Televisheni yetu ni kubwa kama dirisha, humo angekuona, na chini yake ipo mashine yako ya gemu. Mimi niliyepika kwenye meli, nikaiona dunia, nilikumbuka baharia mmoja aliyeigeuza mashine kama hiyo kuwa kompyuta kamili kwa kuiwekea mfumo mwingine, wa bure. Fundi simu wa hapa chini, yule Waya, akanipa mfumo huo kwenye flashi. Alitaka kupanda anisaidie. Nikamwambia abaki na simu zake.

Najua ulichotuomba siku ya kuondoka: mji wako uliojenga kwenye gemu usiguswe. Meya, nisikilize kwanza, hasira baadaye. Mama alikuwa akiuwasha mji huo kila jioni. Hachezi, anautazama tu. Jua la humo linazama lenyewe, taa zinawaka mtaa baada ya mtaa, treni yako inapita kama haina safari. Hata macho yalipofifia, taa aliendelea kuziona. Alikuwa akisema anatembea kwako.

Siku ya kuweka mfumo nimepiga magoti, kibodi mapajani. Nimechagua Kiswahili, maana sitaki mashine initukane kwa lugha nisiyoijua. Likatokea swali: Futa vyote? Nikalisoma kwa sauti. Mama, kitambaa mkononi, akadakia kutoka kwenye kochi: "Si ufute, baba! Vumbi lote hilo, mpaka televisheni ikuulize?" Nami kusikia ruhusa ya mama, nikabonyeza Ndiyo. Yeye akaja akafuta kioo. Mimi nikafuta mji.

Tulikaa tukiangalia ule weusi. Kisha mashine ikaamka mtu mwingine kabisa. Kompyuta, Meya! Nikachomeka kamera, pua yangu ikatokea kubwa kama mlango. Mama akaitambua. Wewe pia atakutambua.

Hakunigombeza. Aliuliza tu kama humo ndani ipo gemu ya kujenga. Ipo. Sasa kila jioni anafumba macho na kusema, nami najenga: tanuri la mikate kushoto, kituo cha treni, daraja lililopinda, nyumba yake yenye paa jekundu. Kona zote anazijua. Wakati mwingine ananitembeza taratibu mpaka nasahau kwamba nimekaa kwenye kiti, na ile mikate nainusa.

Kimebaki kiwanja kimoja, mbele ya nyumba yake. Anasema siku ya kuondoka ulijenga hapo kitu kidogo chenye taa moja, na macho yake hayakuwahi kukijua. Amenikataza kubahatisha. Pameota nyasi.

Tafadhali piga Jumamosi jioni, kwa anwani ya kompyuta hiyo, niliyoiandika nyuma ya bahasha. Kaa penye mwanga, na kofia uvue. Anataka umwambie ni nini, huku anakuangalia.

Shangazi anakusalimu. Waya pia, na bado ananicheka. Wasalimie unaoishi nao. Mungu akutangulie penye mwanga, akurudishe ukiwa na meno yote.

Ni mimi nikupendaye kuliko ninavyopenda kujitazama,
Kaka yako, Kinyozi wa Dunia.

Mama ameniamuru niongeze hapa chini: kioo ameshakifuta.