Sola Juu ya Gari la Mama

Marani, 4 Machi 2025

Onchiri mwanangu,

Bwakire, salamu za asubuhi. Natumaini joto la Doha halijakumaliza na kifua kimepona. Huku tuko wazima, chai imechipua vizuri, na sukari yangu imetulia.

Ile van niliyonunua nilipostaafu ualimu sasa ina kitanda, meko ya gesi na friji ndogo. Nataka kwenda Lodwar kumwona Marion, yule tuliyefundisha naye. Tangu akatwe mguu hawezi kuja kwangu. Kule ni joto na insulini yangu lazima ikae baridi, kwa hivyo nataka kuweka sola juu ya paa. Wewe ni fundi wa umeme. Niambie ninunue ipi.

Mama yako,
Jemimah

Doha, 9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko salama. Kifua kimepona.

Kuhusu gari, hapana. Mtu wa umri wako, mwenye kisukari, alale njiani peke yake? Uza hiyo van, na Marion mpigie simu. Nikikuchagulia sola nitakuwa nimekusaidia kujiumiza.

Mwanao,
Onchiri

Marani, 2 Aprili 2025

Mwanangu,

Habari za kazi? Sisi hatujambo.

Sijauza. Drusilla, fundi wa pale Ogembo, alinifungia paneli moja kwenye keria ya paa, nikaijaribu hapa uani. Jua lilipowaka friji ilifanya kazi vizuri. Yalipokuja mawingu, asubuhi nilikuta imezima. Insulini ilipona kwa sababu Marani kuna baridi, Lodwar ingeharibika. Drusilla mwenyewe aliniambia wazi kwamba hajawahi kufunga sola kwenye gari. Nakueleza mimi, usije ukasikia kwa dada yako Emily.

Nitakwenda, Onchiri. Chagua kama nitakwenda na kazi yako au na ya kubahatisha.

Mama yako

Doha, 3 Aprili 2025

Mama,

Salamu nyingi. Barua pepe yako nimeisoma kazini, nikashindwa kuendelea na kazi. Baba alipofariki nilikuwa huku, nikayatazama mazishi kwenye simu. Shida yangu ni hiyo, si gari.

Basi weka paneli mbili. Betri iwe ya lithiamu, ya friji na taa tu, kando na ile ya injini. Chini ya paneli ibaki nafasi ya hewa kupita. Fyuzi ikae karibu na betri. Drusilla anipigie kwa video, tufunge pamoja. Halafu usiondoke kabla friji haijavuka siku za mawingu bila kuzima.

Mwanao

Lodwar, 11 Mei 2025

Mwanangu,

Wewe na wenzako mko salama? Mimi ni mzima, na sukari iko sawa.

Nilifika vizuri, nikipumzika kila nilipochoka. Leo mchana, mabati ya nyumba yakiwa hayashikiki kwa joto, nilifungua friji mbele ya Marion. Insulini ilikuwa baridi. Nikampa chupa ya maji. Akaiweka shavuni. Kisha akauliza, "Hicho kitanda kinatosha watu wawili?"

Nikamwambia kinatosha.

Kesho tunakwenda Ziwa Turkana. Anakaa karibu nalo na hajaliona tangu akatwe mguu. Kiti chake cha magurudumu kimeingia nyuma bila shida. Baada ya hapo anataka kuona Maralal, nami sijawahi kufika.

Desemba ukishuka kwenye ndege, usiende Marani moja kwa moja. Nipigie kwanza, nikuambie niko wapi.

Mama yako,
Jemimah