Stelingi Aliyekufa Buguruni

Temeke,
Dar es Salaam.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti chini. Sie huku tu wazima. Bakari mzima, mie mzima, na mwanao Rashidi naye mzima, ingawa kwa huyo nina maelezo marefu. Goti lako je, bado linakusumbua mvua ikikaribia? Nasikia mmeshahamia kijiji kipya na nyumba zimepangwa mstari kama mahindi ya bwana shamba. Je, kuku wamekubali kuhama, au jioni wanarudi kulala kule kwenye mahame?

Sasa Mama, kaa vizuri. Ulimleta Rashidi kwangu atafute kazi ya kiwandani. Kazi ya kiwandani hakuitafuta hata kidogo. Kila kulipokucha alikuwa akiongozana na shemeji yake kwenda bandarini. Bakari anapakua mizigo, yeye kakaa juu ya magunia anaangalia meli za watu. Basi siku moja akarudi, akala wali akamaliza, akanawa mikono, ndipo akasema:

"Dada, nimepata meli. Ya Wagiriki. Wanataka mtu wa jikoni."

"Inakwenda wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi, Rashidi?"

"Kule mbele, dada. Kote."

Nililia, Mama. Nikamkumbusha kwamba wewe ulikwisha kumzika mume, usije ukamkosa na mtoto wa mwisho. Akanijibu kwamba wewe una moyo mgumu kuliko sisi sote, utavumilia. Bakari akamketisha wakazungumza kiume. Walipomaliza mazungumzo ya kiume nikamkuta Bakari mwenyewe anauliza mshahara wa Wagiriki ni kiasi gani.

Katikati ya mashaka hayo likaja gari la sinema, likaegesha uwanjani karibu na shule. Giza lilipoingia tukatandika khanga tukakaa. Kwanza walituonyesha ile picha ya kuchimba choo, ambayo Temeke nzima tumeshaijua kwa moyo. Kisha ikaja picha yenyewe, ya vita. Mabaharia wa Kizungu wametumwa na manowari yao nchi ya watu, wametia nanga mtoni, na wenyeji wa nchi ile wamechoka kukaliwa na wageni, wameinuka na mapanga na bunduki. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, na aone vita kwa macho yake, hofu imwingie.

Mama, hofu haikuingia. Mabaharia wenyewe walikuwa wamevaa nguo nyeupe pee, suruali pana miguuni, wanakula nyama kwa mikono miwili na kucheza kordioni. Stelingi alikuwa kijana mrefu, maneno machache, na alimpenda binti mmoja muuza chai pale gatini. Nilimtazama Rashidi nikaona mdomo wake uko wazi, nzi angeweza kuingia akageuka akatoka.

Kiingereza hatukijui, lakini ndani ya gari alikuwamo bwana wa kipaza sauti wa kutufasiria. Nahodha ananguruma mpaka mishipa ya shingo inamsimama, yule bwana anasema, "Amekataa." Stelingi na binti wa chai walipokaribianisha nyuso, akasema, "Hapa wanasalimiana," akaweka kiganja mbele ya taa mpaka walipokwisha salimiana vya kutosha.

Mzee Chande, balozi wetu wa nyumba kumi, hakupendezwa. Akasimama mbele ya kitambaa cha sinema, manowari ikawa inapita juu ya kanzu yake. "Ndugu wananchi! Hao ni mabeberu! Tuwashangilie wenyeji!" Tukawashangilia wenyeji, maana ni haki yao. Haukupita muda wenyeji wakamzingira stelingi kichochoroni, yuko peke yake. Mara sauti ikapasuka: "Kimbia, mwanangu! Pita kushoto, kushoto!" Kugeuka, ni Mzee Chande.

Na hapo hapo jenereta likakohoa, likazima. Walilipiga teke, wakalibembeleza, wapi. Stelingi tukamwacha kichochoroni, gari likaondoka.

Sikudanganyi, Mama, Temeke haikulala vizuri wiki ile. Bombani wanawake walirushiana maneno, huyu anasema kauawa, huyu anasema kaponyoka. Bakari, ambaye vitabu hajasoma ila sinema kazisoma, akatoa hukumu: "Stelingi hafi. Tangu sinema ianze, stelingi hajafa." Rashidi akaishika hukumu hiyo kama aya. Akaenda kwa fundi cherehani akashonewa suruali nyeupe pana miguuni. Kitambaa alikitoa wapi? Ni ile shuka uliyonipa siku ya harusi yangu. Nimesamehe, lakini nimeona ujue.

Kisha tukasikia gari la sinema litaonyesha Buguruni Jumamosi. Tukaondoka kwa miguu, mie, Bakari, Rashidi na suruali yake. Mzee Chande akatufuata, kwa maelezo yake, kukagua siasa ya picha.

Choo kikachimbwa tena. Safari hii jenereta lilinguruma bila kuchoka. Stelingi akatoka kichochoroni kwa kupita kushoto, na Mzee Chande akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyesikilizwa. Akafika melini salama. Nanga ikaanza kuvutwa. Lakini binti wa chai kabaki nchi kavu, na kijana akaruka gatini kumfuata. Risasi ikalia. Akaanguka.

"Ataamka," alisema Bakari.

Tukangoja. Kila mtu pale Buguruni alingoja. Hakuamka.

Wenzake wakamlaza juu ya meza ya kulia. Nahodha akauliza jambo, mabaharia wakatazamana, wakatikisa vichwa. Yule bwana wa kipaza sauti akasema taratibu, "Nahodha anauliza kwao ni wapi, na mama yake ni nani, apelekewe habari. Hakuna anayejua." Wakamfunga kwenye turubai wakamtosa. Mzee Chande alilia mpaka kanzu ikalowa kifuani, akasema ni vumbi la Buguruni.

Njiani Rashidi alitangulia mbele peke yake. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Dada, wale Wagiriki hata jina hawakuniuliza. Wananiita Boi." Nilifungua mdomo nimpe nasaha zangu zote, Bakari akanifinya. Nikaufunga.

Asubuhi nikakuta mkeka wake mtupu. Mama, nilikimbia na kandambili zisizofanana mpaka bandarini, nikijua nakwenda kupungia meli. Nikamkuta kwenye foleni nyingine kabisa, ya meli ya mizigo ya pwani, ile inayokwenda Mtwara na kurudi. Karani anamhoji.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama Somoe."

"Nataka jina lake."

"Ndilo jina lake. Wote wanamwita hivyo."

"Kijana, ukipatwa na jambo tukampe habari Mama Somoe yupi? Mama Somoe wa Newala nzima?"

Rashidi akababaika. Nikapaza sauti kutoka nyuma ya foleni, "Asha binti Nampanda!"

Karani akainua macho. "Na wewe ni nani?"

"Mie ndiye Somoe."

Foleni nzima ilicheka, na karani naye akacheka huku anaandika. Rashidi alinishika mkono, mbele ya wanaume wote wale, hakuuachia mpaka walipomwita aingie.

Ameshakwenda safari ya kwanza. Alitapika kutoka mlango wa bandari hadi Mtwara, akapumzika kidogo, akatapika kurudi. Lakini amerudi anacheka, na ananisimulia kwamba hata nahodha anamwita Rashidi. Safari ijayo meli itakaa Mtwara siku kadhaa kupakia korosho, naye ameshaomba ruhusa apande Newala kukuona.

Nisalimie Baba Mdogo Saidi, mwambie kinyago alichonipa kiko sebuleni na kinawatisha wageni vizuri. Msalimie Bibi, unibusie mikono yake, na Shangazi Mwajuma aliyenifundisha kupika, na shemeji zangu wa kule kisimani wasione nimewasahau. Bakari anasema shikamoo mama mkwe, na suala la mshahara wa Wagiriki amekwisha kuliacha.

Na huyo mwanao atakapofika mlangoni, usishtuke kumwona alivyokonda, wala usinilaumu. Chakula nilimpa kila siku, Mama. Waliokula ni samaki.

Ni mie mwanao wa kwanza, nikuombeaye afya usiku na mchana,

Somoe