Oili Aliyoitia Baba

Shoga, hebu nisikilize. Leo kaka kalirudia lile gari walilokuwa wakiliunda na marehemu baba. Alikuwa hajaligusa tangu msiba.

Kazi yote ikaisha, ikabaki kupima oili tu kwa kile kijiti chake. Akakichomeka, akakichomoa, akakifuta, akakichomeka tena. Oili imefika alama ya juu!

Na kaka mwenyewe injini aliiacha bila tone la oili, shoga. KAVU!

Akaita: "Mama, nani katia oili humu?"

Mama akasimama mlangoni. "Baba yako. Asubuhi ile ile aliyoanguka. Alisema wewe na haraka zako utaiwasha kavu."

Kaka kakaa chini, kijiti mkononi, oili inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Nikamwambia, "Basi washa."

Akanitazama. "Nikiwasha, oili ya baba itaanza kuisha."