Kaka Aliyewafungulia Watu Sabla

Kaka Seif,

Leo shikamoo sikupi. Nimekuamkia tangu sijaota meno ya pili, na mara nyingi uliitikia marahaba bila ya kuniangalia usoni. Hii moja utaikosa.

Nimerudi Nizwa kutoka matangani kwako. Ungaliona watu, ungalifurahi. Wanaume waliinuka mmoja mmoja kukusifu, na sisi wanawake nyuma ya pazia tulisikia kila neno. Marehemu ndiye aliyefungua sabla ya Ibra. Marehemu hakubagua mtu. Mkeo akalia kwa kwikwi, nami nikampa leso yangu, maana mie sikuwa na kazi nayo. Hapana hata mmoja aliyemtaja Mabruk. Basi nitamtaja mimi, na utanisikiliza, kwa kuwa safari hii huwezi kunikatiza.

Unakumbuka tulivyofika Ibra, huku Omani, miaka ile ya sabini, mama, wewe na mimi, baba tumeshamwacha kaburini Unguja? Tulidhani tumerudi kwetu. Wenyeji wakatwita Wazinjibari. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, kinatosha kusali, hakitoshi kununua kitunguu, na wasichana wa mtaani wakinicheka mbele ya uso wangu. Siku moja ukarudi kutoka sabla, ile baraza ya wanaume, umevimba kwa hasira. Walikukalisha mwisho kabisa, kwenye viatu, pamoja na wale wanaowaita makhadimu, watu ambao wazee wao walikuwa watumwa. Kahawa ilikufikia baada ya watu wote. "Zuwena," uliniambia, "leo nimejua wanachokionja wenzetu kila siku." Nilikupenda sana siku ile.

Matrah kulikuwa na vijana walioanza kulisema jambo hili waziwazi. Ukenda kwao, ukarudi na shauri la kuanzisha tawi letu Ibra. Chama kilikuwa hakiruhusiwi, kwa hivyo mkakiita darasa la watu wazima. Mlikutana ukumbini kwetu baada ya laasiri, ubaoni pameandikwa alifu na be, na mlango ukigongwa nyote mnaanza kusoma kwa sauti, wanaume na ndevu zao. Mama akichoma mandazi, mimi nikipitisha chai. Shauri lenu lilikuwa jepesi. Hao makhadimu ndio waliokuwa wakipika karamuni, wakipiga ngoma harusini, wakimimina kahawa msibani, kisha wakila kilichobaki mabwana wakishainuka. Basi waache kazi hizo. Asipike mtu wala asimimine mpaka akae na wenziwe.

Wakaacha kweli. Mabwana walijimiminia wenyewe wakajiunguza vidole, na sisi tukacheka mpaka mbavu zikatuuma. Kicheko hakikudumu. Mzee Farhan alitolewa kwenye kibanda cha shamba alichozaliwa ndani yake, vyombo vyake vikatupwa njiani, na mjukuu wake akapigwa mpaka sikio moja likaacha kusikia. Mabruk, mwenzao, ndiye aliyewachukua kwa gari yake. Alikuwa dereva wa mizigo, anapakia Bidbid na kushusha Sur, na hapo katikati alikuwa akibeba habari zenu zote. Mlikaza, na mwisho wale mabwana wakachoka. Ukaingia sablani umemshika Mabruk mkono, ukamkalisha ubavuni pako, mkanywa kikombe kimoja.

Mabruk alikuwa mwenyeji wa Ibra, lakini alikuwa na Kiswahili kidogo alichopewa na bibi yake. Ni Kiswahili cha kubembelezea mtoto: njoo, kula, lala, usilie. Kingine hakujua. Siku aliyonikuta uani nalia kwa ajili ya wale wasichana, alisimama mlangoni na gunia begani akasema, "Usilie. Njoo, kula." Nilicheka na machozi yangu. Ndivyo yalivyoanza, kaka, na wewe uliyaona, ukanyamaza, nami nikadhani umeridhia.

Darasani mlikuwa na ada yenu. Kila mmoja asimame, aseme kwa kinywa chake nani aliyewamiliki wazee wake, ili isibaki aibu ya kufichwa. Ilipofika zamu ya Mabruk, alisema bibi yake aliibwa Mrima angali mtoto, akauzwa Unguja, na aliyemnunua na kumleta Ibra alikuwa babu yetu sisi. Nilikuwa nimeshika sinia ya chai. Wewe ukainuka ukamkumbatia, ukalia juu ya bega lake, ukamwita ndugu. Mama alilia. Hata mimi nililia, mjinga mie.

Alipokuja kuniposa ulimpa kahawa kwanza. Kisha ukaniita chumbani.

"Huyu si kufu yako, hamlingani nasaba."

"Si ndiye unayekaa naye?"

"Kukaa sablani ni haki yake," ulisema. "Wewe si haki yake."

Hukupaza sauti. Ulikuwa unafunga vifungo vya kanzu, kama mtu anayezungumza habari ya soko.

Baba hayupo, walii wangu wa kuniozesha ni wewe. Mabruk akenda kwa kadhi, maana aliamini maneno yako kuliko ulivyoyaamini mwenyewe. Mama na mimi tulikaa nyuma. Kadhi akakuuliza una sababu gani ya kumzuia dada yako, mtu mwenyewe anasali na ana kazi. Ukaeleza. Jina la bibi yake, soko alilouzwa, mtu aliyemnunua, kama alivyokwambia, hukupunguza kitu. Safari hii hukulia. Kadhi akamgeukia Mabruk, "Ni kweli?" Akajibu, "Ni kweli, lakini nilimwambia kama ndugu." Kadhi akasema hakuulizwa hilo.

Nikainuka. Mama alinivuta buibui, nikajitoa. Nikasema bibi yetu sisi, mama yake baba, alikuwa suria wa Kimanyema, na yeye pia alinunuliwa, na ndiye aliyetupakata sote wawili. Kadhi hakukasirika. Alisema, "Binti yangu, nasaba hufuata baba," akafunga shauri. Na wewe ukanitazama kwa chuki ambayo sijapata kuiona tena kwa mtu yeyote, na nimeolewa Nizwa, kwa hivyo chuki naijua.

Darasa lilikwisha wiki hiyo hiyo. Nani tena angelikuja kukwambia habari za bibi yake? Mabruk aliuza gari. Niliambiwa yuko Ashkhara anaanika samaki, kisha nikaambiwa hayuko. Mimi ukanipeleka kwa binamu yako wa Nizwa, kufu yangu. Usiku wa kwanza alisema nywele zangu zinamtia shaka. Chakula changu akikiita chakula cha watumwa, na akikila. Kila nilipokuletea malalamiko ulinambia nisubiri, na siku niliyokuja na jino mkononi ulinambia nimshukuru Mungu nimeolewa na watu. Mume huyo nilimzika bila ya kumlilia, na watu wakanisifu kwa subira.

Wewe uliendelea vizuri. Ulipata cheo, ukajenga, na kila mgeni akija Ibra walikuonesha kwake: huyu ndiye aliyewakalisha watu pamoja. Hukumwambia mtu hata mmoja kwamba si uongo, lakini si yote.

Ulipoanguka na mdomo ukaenda upande, mkeo aliniita nikaja. Nilikufuta mate, nikakugeuza ubavu, kwa kuwa mama angelitaka hivyo. Ukanishika mkono kwa ule wako mmoja uliobaki na nguvu.

"Nipe radhi, Zuwena."

"Kamwombe Mabruk."

"Sijui aliko."

"Hata mie sijui."

Ukalia, na machozi yakaingia sikioni kwa vile ulivyolala. Nikayafuta. Sikukwambia usilie, ingawa Kiswahili hicho nilikuwa nacho. Nilikaa mpaka ukalala, kisha nikaenda kusali, na asubuhi nikapanda gari nikarudi kwangu. Uliishi tangu hapo muda wa kutosha kabisa wa kuniita tena, nami nilikuwa na muda wa kutosha wa kuja, na hakuna aliyefanya hivyo.

Nilipokuwa nafunga virago vyangu matangani, mkeo alikuja akanishika miguu. Kwenye dini yetu unajua, maiti anaombewa msamaha kwa kila aliyemkosea, asije akalala na deni la binadamu mwenziwe. Akaniuliza mbele ya wanawe, "Umemsamehe kaka yako?" Nikatazama watoto wako, wazuri, hawana kosa. Nikasema ndiyo, nimemsamehe, dunia na akhera. Wakanibusu mikono.

Nimewaambia hivyo wao. Wewe usidanganyike.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Zuwena